Mvinyo Unaotakiwa Kunuka Lami

Kuna ndoa zinazotikiswa na pombe ya mume. Yangu inatikiswa na pombe ya mke, tena pombe asiyoinywa. Anaitazama, anainusa, anaisukutua, anaitema kwenye kopo la rangi lililokwisha, kisha anachukua kalamu na kuandika. Ndugu msomaji, kama nawe kwako kuna mtu aliyeanza masomo ukubwani, sogea tuliwazane, maana naona tunaumwa ugonjwa mmoja.

Mama watoto ni mhudumu katika hoteli moja ya kando ya ziwa hapa Gisenyi. Wakubwa wake waliona wageni wanauliza maswali ya mvinyo na wahudumu wanajibu kwa tabasamu, wakawaandikisha kozi. Nilishangilia, nikijua mwisho wa kozi kuna nyongeza ya mshahara. Hakuna aliyenidokeza kwamba kazi za nyumbani zingefanyiwa nyumbani kweli.

Ujue mji wetu ni mji wa bia. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kiko hapa tangu 1957, na kwa miaka mingi gesi ya methani iliyovutwa kutoka kilindi cha Ziwa Kivu ilitumika kuwasha mitambo ya kiwanda hicho, yaani hata ziwa limetoa mchango wake. Mtu wa Gisenyi akikaa baa ana maswali mawili tu: iko baridi? Na nani analipa? Baada ya hapo kinywaji kinanyweka, wala hakiulizwi kimezaliwa kijiji gani.

Ngoja nikutambulishe kwa familia, maana bila kuijua utadhani natia chumvi.

Kwanza kuna Jaji. Huyu ni mama mkwe wangu. Alikuja kututembelea kwa wiki moja kabla ya masika, na sasa masika yamekwisha, viazi vimevunwa, na yeye ndiyo kwanza ameomba kitanda kihamishwe karibu na dirisha. Kwao, vilima vya Rutsiro, alikuwa bingwa wa pombe ya urwagwa: ndizi zimeivishwa shimoni, zimekamuliwa juisi kwa nyasi, zimetiwa unga wa mtama uliokaangwa, zikaachwa zichachuke siku chache. Akitoa hukumu juu ya kitu chochote, iwe pombe, iwe mkwe, hukitazama mara moja, kisha anageukia dirishani na kusema.

Wa pili ni shemeji yangu, Barrière. Jina hilo nilimpa mimi kwa sababu maisha yake yote yako mpakani, Petite Barrière, asubuhi anavuka kwenda Goma, jioni anarudi, na mizigo yake huwa haiulizwi sana. Kipaji chake kikubwa ni saa ya kurudi. Chakula kikiiva tu, Barrière huyo mlangoni.

Halafu watoto. Mkubwa ni Waziri wa Fedha, kijana asiyeokota hata kijiko sakafuni bila kutaja bei. Mdogo ni Kengele, binti yetu wa mwisho, ambaye hutangaza lolote linalotakiwa kufichwa. Ndiye aliyemwambia mwenye nyumba: "Baba amesema nikwambie hayupo."

Sasa chupa. Mgeni mmoja Mwitaliano alikaa hotelini, akahudumiwa na mama watoto, akasikia anasoma mvinyo. Siku ya kuondoka akamwachia Barolo ya mwaka 2016. Mwalimu wa kozi naye alikuwa amewapa kazi: chagueni mvinyo mwekundu wenye kiunzi imara, yaani ule ambao asidi, tanini na alkoholi zimeusimamisha wima, muupime, mlete karatasi. Mama watoto akaona Mungu amemjibu. Mimi nikaona Jumapili yangu imekwisha.

Tangu siku hiyo kitandani siambiwi tena habari za ada ya shule. Naambiwa habari za Nebbiolo. Barolo, naelezwa gizani, hutoka vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, vilima ambavyo UNESCO ilivitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Hutengenezwa kwa zabibu ya aina moja tu, hiyo Nebbiolo, ambayo huchipua mapema na kuchelewa kuiva, mara nyingi mpaka Oktoba, ukungu umeshatanda mabondeni. Zabibu lazima zitoke katika eneo la vijiji 11 na si kwingine. Chupa yetu ilikuwa ya Serralunga d'Alba, kijiji kinachosifika kwa mvinyo mgumu, mkavu, usiotaka kuharakishwa. Wa La Morra, upande wa magharibi, huwa mpole zaidi.

Nikamwambia mama watoto kwamba kwa maelezo hayo mimi nimeoa Serralunga. Akageukia ukutani. Ukuta wenyewe una ufa tangu Mei 2021, mlima wa volkano Nyiragongo ulipolipuka na matetemeko kutufuata siku kadhaa, nusu ya mji tukalala nje. Fundi alikuja, akaupima ufa kwa kidole, akasema atarudi. Tuache hayo.

Asubuhi mama watoto akamsimulia mama yake kwamba kwa sheria Barolo haiuzwi mpaka itimize miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mbao, na ikitaka kuandikwa Riserva ni miezi 62. Jaji akaweka kikombe chini.

"Miezi thelathini na minane? Kwani walisahau walikoiweka?"

"Hapana, mama. Wanaingoja ilainike."

Jaji akageukia dirishani. "Pombe inayongojwa miaka mitatu ilipikwa vibaya."

Karatasi ya mwalimu ilikuwa na sehemu nne: macho, pua, mdomo, uamuzi. Nyumba yangu iliharibikia kwenye pua. Mwalimu alikuwa amewaorodheshea harufu ambazo Nebbiolo hujulikana nazo: cheri, urujuani, waridi lililokauka, ngozi, tumbaku, uyoga, na lami. Ndiyo, lami, hii ya barabarani. Wataalamu wa Barolo wanaitaja lami na waridi kwa pumzi moja, tena kwa sifa. Mama watoto akaona hawezi kuzitambua harufu ndani ya glasi kama hajazihifadhi kichwani kwanza. Akaamuru kila harufu iletwe, itiwe kwenye kopo la Blue Band na kufunikwa, ili awe anafunga macho na kujipima.

Waziri wa Fedha akatangaza bei kabla mama yake hajamaliza sentensi.

Ngozi ilipatikana upesi. Nilikwenda kuvaa suruali ya kanisani nikakuta mkanda wangu umekatwa ncha, na tundu nililokuwa nikilitumia limekwenda na ncha hiyo. Nilisimama ibada nzima mkono mmoja mfukoni. Tumbaku ilitolewa na Jaji, kutoka kwenye kifuko ambacho sisi sote tunajifanya hatukijui. Uyoga ulikuwa wa sokoni, ukakaa siku mbili kwenye kopo, na tulipolifungua Kengele akatangaza kwa majirani kwamba panya amekufa kwetu. Cheri ilitushinda. Hakuna mti wa cheri hapa ninaoujua. Barrière, mtu wa kujitolea, akaleta matunda mekundu ya kahawa, akisema wakulima nao wanayaita cheri, basi cheri ni cheri. Mama watoto alinusa, akavumilia, akaandika "karibu na tunda la kinyomoro", na mjadala ukafungwa.

Ikabaki lami. Waziri alirudi jioni na bonge jeusi alilolibandua pembeni mwa barabara iliyokuwa ikitengenezwa, akadai malipo ya hatari. Lakini lami ikipoa hainuki sana. Kijana akatumia akili, na akili ya mtoto wa miaka kumi na miwili ni kitu cha kuogopwa. Akawasha jiko la makaa, akachukua sufuria kubwa, ile ya maharage, akaitia lami humo. Ilipoanza kuchemka moshi uliingia sebuleni, ukapita chumbani, ukakaa kwenye mapazia. Jaji alitoka nje na mkeka wake akidhani Nyiragongo umerudi. Sufuria ile hatujaipata tena. Ipo, lakini haipikiki. Mama watoto pekee ndiye alisimama katikati ya moshi, macho yamefumbwa, pua juu, akisema: "Sasa nimeishika."

Jumapili ikafika. Mvinyo wa namna hiyo, nilielezwa, unahitaji kumiminwa mapema kwenye chombo kipana ili upate hewa na harufu zake ziamke, na kama una machicha yabaki chini ya chupa. Chombo cha kioo chenye tumbo pana kipo kimoja tu kwetu: kile cha maua tulichopewa siku ya harusi. Kwa miaka yote ya ndoa yetu kimekaa juu ya kabati kikiwa na mawaridi ya plastiki. Mama watoto akayatoa, akakiosha kwa maji ya moto, akamimina humo sehemu kubwa ya chupa, robo akaiacha chupani ili alinganishe. Akakiweka mezani, akatuonya sote kwa kidole, akaenda kuoga.

Nikwambie kilichotokea na wewe utakuwa shahidi. Kengele aliingia sebuleni akakuta maua yamelala kwenye kochi na nyumba yao iko mezani. Isitoshe, wiki nzima alikuwa akisikia kwamba kile kinywaji kinatakiwa kunuka waridi. Mtoto mwenye upendo afanye nini? Akayarudisha. Mama watoto alitoka kuoga akakuta Barolo ya Serralunga d'Alba, miezi 38 ya uvumilivu wa Waitaliano, imesimikwa mawaridi manne ya plastiki yenye vumbi la tangu harusini, na Kengele amesimama pembeni anasubiri kusifiwa.

Wakati huo huo, jikoni, Jaji alikuwa anakaanga visamaki vya sambaza. Hakuna aliyemwagiza. Alisema hawezi kukaa na watu wanaokunywa bila kitu cha kutafuna. Kama umeishi kando ya ziwa hili unajua harufu ya sambaza kwenye mafuta ya moto: inaingia kwenye nywele na inakuja nawe kazini Jumatatu. Mama watoto akafungua madirisha yote, akauchuja mvinyo kwa chujio la chai, akajifuta macho, akasema tunaendelea. Ndipo nilipojua kwamba kozi imemwingia damuni.

Glasi zetu zote zina chapa ya Mützig. Akachagua zisizo na nyufa, akatandika karatasi nyeupe chini yake, akainamisha ya kwanza. Macho: mvinyo ulikuwa mwekundu uliopauka, ukingoni umegeuka rangi ya tofali, na kupitia kwake ungeweza kusoma maandishi. Barrière, aliyekuwa ameshafika kwa sababu sambaza zilikuwa zinaiva, akasikitika.

"Shemeji, hii waliongeza mayi. Walikuibia."

Hawakumwibia mtu. Maganda ya Nebbiolo yana rangi haba, na rangi hiyo huanza kuelekea chungwa mapema. Anayepima nguvu ya mvinyo huu kwa weusi wake atadanganyika, maana nguvu yake haionekani kwa jicho, inakungoja mdomoni. Mama watoto alilieleza hilo vizuri sana, lakini Barrière alikuwa anatazama sambaza.

Pua: akazungusha glasi, akaingiza pua, akanyamaza. Ule wa chupani ulikuwa umejifunga, harufu kidogo, alkoholi mbele. Ule wa chombo cha maua ulikuwa umefunguka waziwazi: cheri, au tuseme kinyomoro, kisha waridi lililokauka, kisha kwa mbali kabisa, lami. Akapiga meza kwa furaha. Waziri wa Fedha akanikumbusha malipo ya hatari. Jaji naye akanusa, akasema waridi lipo, ila ni la plastiki.

Mdomo ndipo watu walipotengana. Mama watoto akapiga funda, akasukutua, akatema kwenye kopo. Jaji akashika kifua. Kwao mwenyeji huonja pombe kwanza mbele ya wageni kuonyesha haina sumu. Anayeitema anatangaza jambo zito. Akasema yeye hatemi kitu mbele ya watu, akameza funda lake lote, na uso wake ukakunjamana polepole kuanzia kidevuni.

"Imenikamata ulimi," akasema.

"Hizo ndizo tanini, mama."

Akaeleza. Tanini hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye mbao za mapipa. Zikifika mdomoni hushikana na protini za mate, utelezi ukaisha, ulimi na ufizi vikakwaruza. Chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika hufanya vivyo hivyo, hata hii ya Pfunda tunayojivunia hapa Rubavu. Ndiyo maana ukiitia maziwa hulainika: tanini hukutana na protini za maziwa kabla hazijauvamia ulimi wako.

Jaji alisikiliza kwa makini kama mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na laiti mke wangu angeishia hapo.

"Basi," akasema Jaji akigeukia dirishani, "leteni maziwa."

Na kabla mtu hajasogea, alikuwa ameshalinyanyua jagi la maziwa ya ikivuguto juu ya glasi. Mama watoto akaifunika glasi kwa kiganja, ikivuguto ikatua juu ya mkono wake na kushuka hadi kwenye kiwiko. Barrière, kwa nia njema, akapendekeza Fanta, ambayo ndiyo dawa ya divayi kali katika harusi zote tulizowahi kualikwa upande huu na upande ule. Tena alikuwa ameshauonja mvinyo kwa sambaza: akatafuna samaki, akashushia Barolo, akakunja uso akisema amelamba sarafu. Hilo nalo lina sababu. Chembe za chuma zilizomo kwenye mvinyo mwekundu zikikutana na mafuta ya samaki, hutoa ladha mbaya inayoganda mdomoni. Mama watoto aliliandika kwa haraka mkono ukiwa bado unadondosha maziwa.

Sasa nimpe Barrière haki yake. Kwenye mfuko wake kulikuwa na jibini ya Masisi, ile ya duara, aliyovuka nayo asubuhi kwa ajili ya mteja ambaye hakuja. Na nje kwenye jiko nilikuwa na brosheti za mbuzi, nilizozilinda dhidi ya familia nzima tangu saa nne. Tukakata jibini, tukaleta nyama, mama watoto akaamuru kila mtu atafune kwanza, ndipo anywe.

Ee bwana. Ule mvinyo uliokuwa ukituparura ukashika adabu. Protini za nyama na jibini zilizipa tanini kazi nyingine, mafuta yakaufunika ulimi, na asidi ile kali ikawa inasafisha mdomo ili mtu atamani kipande kingine. Matunda yaliyokuwa yamejificha nyuma ya ukali yakajitokeza. Jaji akanywa, akatafuna, akanywa tena. Tulingoja.

"Huyu," akasema, "hakaribishwi peke yake. Mwiteni pamoja na nyama."

Mama watoto alitaka kumkumbatia, ila mkono ulikuwa bado na ikivuguto. Alikuwa amebakiza kupima urefu, yaani ladha inabaki mdomoni muda gani baada ya kumeza, na Kengele akapewa kazi ya kuhesabu. Alihesabu kwa sauti, akavuka thelathini, akapotea karibu na hamsini, akaruka kwenda mia. Mama yake akaandika "mrefu". Kisha uamuzi. Hapo, nilivyoelewa, huulizi kama mvinyo ni mkali, maana Barolo changa lazima iwe kali. Unauliza kama asidi, tanini na alkoholi zinalingana nguvu na ladha ya tunda, au kuna mmoja anawaonea wenzake. Kikizidi kiunzi na tunda likapungua, miaka itapita, mvinyo utazeeka na utabaki mifupa. Vikilingana, miaka itaulainisha. Akaandika: umelingana, mwema sana, unyweke na nyama sasa, au uwekwe miaka kumi na zaidi.

"Uwekwe wapi?" Barrière akauliza, akikung'uta tone la mwisho. Chombo cha maua kilikuwa kikavu, chupa kavu, na mimi, niliyekuwa nje na brosheti, nilikuwa nimepata funda moja, lile la kwanza, lisilo na nyama.

Alifaulu, tena kwa alama nzuri, ingawa mwalimu alizungushia duara maneno "vumbi la maua ya harusi" akaweka alama ya kuuliza. Tangu hapo hakuna kinachopita mdomoni mwetu bila kupimwa. Maharage yangu, yanayopikwa kwenye sufuria ndogo kwa sababu unazozijua, yameambiwa yana mwili lakini hayana urefu. Soksi zangu zimetajwa chini ya uyoga. Waziri ameandika ankara ya harufu zote, pamoja na riba, na mama yake ameniambia nilipe kwa kuwa elimu ni ya familia.

Na yule Mwitaliano, Mungu ambariki, akapata habari za matokeo, akatuma chupa nyingine kwa mkono wa rafiki yake aliyekuwa anakuja ziwani. Hii haifunguliwi mpaka Kengele amalize sekondari. Inataka giza, baridi ya wastani, na kulala ubavu ili kizibo kisikauke. Mahali pa namna hiyo nyumbani kwangu ni mahali pamoja tu, chini ya kitanda upande wangu, palipokuwa na viatu vyangu, ambavyo sasa vinalala barazani na mbwa wa jirani. Jaji amesema hawezi kurudi Rutsiro akaiacha mali hiyo bila mlinzi. Na kila jioni Barrière akiingia, anakwenda kwanza chumbani kuiuliza hali, ndipo anakuja kunisalimia.